Sababu Sita za Ulimi

Nitamweleza huyu mwanamke kama nilivyomjua, na atakayesema natia chumvi aje aniulize mwenyewe, ninapokaa panajulikana. Kiwandani tulimwita Ulimi. Si kwa sababu ya maneno. Maneno yote nilikuwa nayo mimi, ndiyo maana mimi waliniita Redio. Yeye alikuwa mtu wa kuitikia kwa nyusi. Tulimwita Ulimi kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakuna kipande cha sabuni kilichotoka pale mlangoni bila ncha ya ulimi wake kukubali.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, watu kumi na wawili pamoja na mlinzi, na mlinzi alikuwa analala. Mimi nilikuwa mfungaji, nakaa mezani nafunga sabuni kwenye karatasi tangu asubuhi mpaka vidole vinakuwa kama si vyangu. Kwenye meza yangu nilikuwa naona moja kwa moja mpaka jikoni. Ndivyo tulivyopaita, jikoni, kwenye sufuria tatu za chuma zilizojengewa matofali, kila moja mtu mzima angeweza kuoga ndani. Humo mafuta yanachemshwa pamoja na kostiki, ile dawa kali inayokula hata soli ya kiatu, mpaka vyote viwili vishikane viwe sabuni. Kazi yote iko hapo tu, kujua vimeshikana au bado. Kostiki ikibaki, sabuni inamchubua mtu mikono. Mafuta yakizidi, unapata kidude kinachoteleza, hakina povu wala hakina aibu.

Ulimi alikuwa na kijiti chake, urefu wa kiganja. Alikichovya, akapaka tone kwenye kigae pale dirishani, akaliacha lipoe, akaligusa kwa ncha ya ulimi mara moja tu, haraka. Likimchoma, anasema, "Bado." Lisipomchoma, anasema, "Tayari." Neno la tatu hakuwa nalo. Ila usidhani ilikuwa ni kuchoma tu. Mara nyingine halikuchoma na bado alisema bado. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kama umemuuliza kwa nini anapumua.

Ulimi huo aliutunza, jamani! Pilipili hakugusa. Kitu cha moto hakikupita mdomoni mwake. Saa ya mapumziko sisi tunapuliza vikombe, yeye chai yake ameiweka pembeni inafunga ngozi juu.

"Mwenzangu, chai yako imeshafariki," namwambia. "Tuizike?"

"Niachie marehemu wangu," anasema, na hapo ndipo unaona meno yake.

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Aliingia kama msafishaji, kusugua sufuria. Jikoni alikuwapo mzee mmoja, naye alimwona namna anavyonusa kila kitu kabla ya kukigusa, akamwambia simama hapa. Hapa ilikuwa mkono wake wa kushoto. Pale kwetu hivyo ndivyo kazi ilivyofundishwa, na nikisema kufundishwa naona hata neno lenyewe limezidi. Unasimama kushoto. Mwanafunzi anaonja kwanza, anasema bado au tayari, kisha mwenye kazi anaonja, anasema lake. Mkipishana, unafunga mdomo unarudi kesho. Kuuliza sababu ilikuwa utovu wa adabu. Mzee alikuwa anasema ukianza kueleza, utaanza kusikiliza maelezo yako badala ya sabuni. Ulimi alisimama kushoto miaka miwili. Siku moja mzee hakuonja baada yake. Aliweka kijiti mfukoni, akaenda kunawa. Hicho ndicho cheti alichopewa.

Sasa nije kwa huyo mtoto, maana bila yeye nisingekuwa nakaa hapa kuhadithia. Dada yake Ulimi alikufa akaacha binti wa miaka minne. Ulimi hakuwa na mtoto wala mume, au tuseme mume alikuwapo, alipomwona mtoto akapotea. Akamlea. Binti alimwita mama mdogo wiki ya kwanza, wiki ya pili "mdogo" ikadondoka. Akitoka shule anakuja kiwandani na sare yake, anasimama wapi? Kushoto. Mkononi kijiti, na mwenyewe alikuwa mwembamba hivyo hivyo, basi tukamwita Kijiti.

Ilikuwa mchezo wao. Mtoto anaonja, anapiga kelele "Tayari!" Mama anaonja, anasema "Bado," mtoto anakunja uso. Kufika miaka tisa alikuwa hapishani naye. Kuna siku moja Ulimi alisema tayari, vijana wameshashika ndoo za kuchotea, mtoto akang'ang'ana, "Bado, mama. Bado!" Tulicheka mpaka basi. Ulimi akaonja mara ya pili.  Kisha akasema, "Wekeni ndoo chini. Mtoto kasema kweli." Wiki nzima Ulimi alitembea kifua mbele kama aliyepewa nchi. Mimi niliona kwa macho yangu, kwa hiyo mtu asije akaniambia yule binti hakuwa anajua.

Akamsomesha. Shule, kisha chuo kikuu, kemia. Kwa jasho gani, sitaki hata kuanza, tutakesha. Nitasema tu kwamba miaka ile Ulimi alikuwa na viatu jozi moja.

Siku binti aliporudi, tajiri wetu mwenye kiwanda alituita sote uani. Akasema kiwanda kinataka kupata nembo ya ubora ili sabuni iingie maduka makubwa. Wakaguzi watakuja. Kila kitu lazima kiwe kwenye karatasi, na marufuku mtu kutia mdomo kwenye bidhaa. "Na huyu," akasema, "ndiye mtaalamu atakayetufikisha." Akatoka Kijiti, koti jeupe, miwani, kalamu mbili mfukoni. Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ulimi hakupiga, mikono ilikuwa imeziba mdomo. Alikuwa analia.

Haya. Siwezi kuwatukana wakaguzi. Mimi mwenyewe ningeambiwa sabuni ninayoogea imelambwa na mtu, ningeuliza mtu gani. Na Kijiti alikuwa na karatasi zake nyembamba, anazichovya, zinabadilika rangi, anajua kostiki imebaki kiasi gani. Kizuri hicho, sibishi. Ila alitaka na kitu kingine. Alitaka mama yake aseme.

"Mama, unajuaje?"

"Najua tu, mwanangu."

"Mama, 'najua tu' haiandikiki. Lazima kuna kitu unakiona, unakisikia. Niambie nikiandike. Kitabu cha kazi kitakuwa na jina lako, na wewe ndiye utakayefundisha wapya."

Siku baada ya siku, daftari magotini. Ulimi alikuwa anatafuta kweli, unamwona kabisa, uso umekunjamana kama mtu aliyepoteza ufunguo. Maneno hayakuja. Na alimwogopa. Unaelewa? Mwanamke asiyeogopa kostiki alikuwa anaogopa kuonekana mjinga mbele ya mtoto aliyemwogesha.

Akaja kwangu. Mapumziko ya saa nne, nyuma ya stoo, kwenye makreti.

"Redio, wewe una maneno. Nisaidie sababu."

"Sababu za nini?"

"Za sabuni. Mtoto anataka sababu. Nisipompa ataaibika kwa tajiri."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Miaka yote hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniomba kitu. Tukatunga. Nilimwambia sema povu likiacha kupanda. Akasema hilo mara nyingine ni kweli. Sema mwiko ukibadilisha sauti. Sema harufu ya mafuta ikikata. Sema sabuni iking'ang'ania ukingoni. Sema juu pakianza kukunjamana. Tukafika tano, nikanogewa, nikasema, "Na mvuke ukianza kuelekea dirishani!"

"Mvuke siku zote unaelekea dirishani, we mwendawazimu."

"Atajuaje? Mwambie!"

Tulicheka mpaka akamwaga marehemu wake. Jioni akampa mtoto sababu sita, moja baada ya nyingine, na mtoto akaziandika zote bila kuinua uso. Hata ile ya dirisha. Nilikuwa nafunga sabuni pale pale, nikamtazama. Mtu aliyekulia mbele ya lile dirisha aliandika kwamba mvuke unaelekea dirishani, akapiga mstari chini.

Hapo ilinipasa kushtuka. Sikushtuka. Nilikuwa nabana kicheko.

Mwezi uliofuata tajiri akaita majaribio. Walikuja wageni watatu wenye mafaili. Kijiti alikuwa ameandaa sufuria ndogo nane, zimepangwa mezani uani, chini ya dirisha la jikoni, nyingine tayari na nyingine bado. Tukaambiwa tuache kazi tusogee, tuone maendeleo. Ulimi alivaa kanga yake nzuri chini ya aproni. Alidhani anakwenda kutambulishwa.

Akatoa kijiti chake mfukoni.

"Hapana, mama," Kijiti akasema kwa upole, upole ule unaokera. "Ulimi hauruhusiwi. Tumia sababu zako tu. Zile ulizoniambia."

"Bila kuonja?"

"Bila kuonja. Wewe mwenyewe ulisema unatazama povu, unasikiliza mwiko. Nimeandika hapa." Akafungua daftari, akawasomea wageni. Kwa sauti. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika kwenye mvuke na dirisha, mgeni mmoja alitazama dirisha, akatazama mvuke, akacheka. Wakacheka wote. Ile ilikuwa yangu. Waliicheka sababu yangu, na aliyesimama pale kuvaa aibu yake ni yeye.

Akaanza. Alikuwa anainama kwenye kila sufuria, anageuza mwiko, anasikiliza.  Mtu anayejua kuogelea, mfunge miguu kisha umwambie eleza unavyopiga maji huku unavuka. Alisema tayari, akabadilisha, akasema bado. Katika nane alipata tatu. Kijiti akachovya karatasi zake, akapata zote nane. Hakuna aliyemfokea mtu. Kila kitu kilikwenda kistaarabu kabisa.

Tajiri hakuwa mtu mbaya sana, lazima niseme. Alionekana kashangaa. Akageuka akanitafuta mimi.

"Redio, wewe umekaa naye miaka yote hii, meza yako inatazama jikoni. Hebu sema ukweli. Huyu mama alikuwa anafuata sababu hizi, au alikuwa anabahatisha?"

 Ulimi akaniangalia, na uso wake ukafunguka. Alijua nitasema. Mimi tena! Mimi niliyekuwa nasema hata nisipoulizwa. Maneno yenyewe yalikuwa yamejaa mdomoni: sababu ni za uongo, tajiri, tumezitunga mimi na yeye kwenye makreti kwa kumpenda huyu mtoto, mpe kijiti aonje, uone. Hayo tu. Lakini mashine ya kufungia ilikuwa imeshaagizwa, na sisi wafungaji wanne tulikuwa tumeambiwa watabaki wawili. Ningesema nimetunga uongo ukaingia kwenye kitabu cha wakaguzi, ningebaki?

Nikasema, "Mimi mfungaji tu, tajiri. Mambo ya jikoni siyajui."

 Ulimi aliweka kijiti chake mezani, karibu na daftari, akavua aproni akaikunja mara nne. Kijiti akamwambia, "Mama, si kwamba unafukuzwa, utapumzika." Jumatatu yake Kijiti akatangazwa mkuu wa uzalishaji. Tulijua baadaye kwamba tajiri alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba jikoni atabaki mmoja, na amwonyeshe kwa ushahidi nani abaki. Basi alimzunguka. Alikaa miguuni pake miezi miwili na daftari, anamwita mama, anamchimbia.

Nembo tulipata. Na nisikudanganye, sabuni haikuharibika. Nilikuwa naomba iharibike! Kila sufuria iliyotoka nilikuwa nakata kipande nanawa nacho, natafuta kosa, mikono ikawa laini kuliko ya bibi harusi. Wateja hawakurudisha hata kipande kimoja. Huko dukani hakuna aliyeuliza yuko wapi yule aliyekuwa anaonja. Hilo liliniuma kuliko mengine.

Na mimi nilibaki. Sikukanyaga nyumbani kwake. Kila Jumapili nilikuwa na sababu, mimi sikosi sababu.

Miezi minane ikapita. Siku moja, mchana, wenzangu wamekwenda kula, nimebaki mezani naokota karatasi zilizoanguka chini. Kijiti akaingia jikoni, hakuniona nilivyoinama. Akatazama mlangoni. Akatoa kitu kwenye koti lake jeupe, katikati ya zile kalamu mbili. Kijiti cha mti, urefu wa kiganja. Akachovya, akapaka kwenye kigae cha dirishani, akasubiri. Akagusa kwa ncha ya ulimi. Akatikisa kichwa, akaongeza moto. Ndipo akachukua karatasi yake, akachovya, akaandika.

Nilikaa pale chini ya meza mpaka akatoka. Siku tatu zilizofuata nilimvizia. Kila sufuria! Anaonja kwanza, karatasi baadaye.

Loo, nilivyofurahi! Nikasema nimepata la kumpelekea mwenzangu. Jumapili ile sikutafuta sababu. Nilivaa nikaenda, njia nzima napanga nitakavyolisimulia, wapi nitashusha sauti, wapi nitasimama nimwigize.

Nilimkuta barazani kwake anachambua mchele. Alinikaribisha vizuri, hakuonyesha kitu, akaleta birika. Akanimiminia, akajimiminia, akainua kikombe chake akanywa pale pale, mvuke unampanda usoni. Chai ya moto, akaimeza kama watu wote. Niliona, nikataka kusema neno, nikalimeza, maana nilikuwa na habari yangu.

Nikaitoa yote. Nilisimama katikati ya baraza nikamwigiza yule binti anavyochungulia mlango, anavyochomoa kijiti. "Analamba, shoga! Mtaalamu mzima na miwani yake, analamba!" Nilikuwa nacheka peke yangu, ilinichukua muda kulijua hilo.

Akaweka kikombe chini.

"Ulimwona mwenyewe?"

"Kwa macho haya mawili."

"Anaonja kabla ya karatasi, au baada?"

"Kabla! Karatasi ni ya kuandikia wakubwa tu."

Akaokota punje ya mchele iliyoanguka mkekani. Akaiangalia muda mrefu kuliko punje inavyostahili.

"Mimi nilikuwa najiambia mtoto amesoma mpaka amesahau," akasema. "Kwamba siku ile anawasomea wale watu, alikuwa anaziamini zile sababu. Anaamini kweli mama yake alikuwa anatazama mvuke. Mtu akikuumiza kwa kuamini, unaweza kumsamehe. Nilishamsamehe, Redio. Alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, nampikia, anakula." Akairudisha ile punje kwenye mchele. "Kumbe alijua."

"Shoga, mimi nilidhani utafurahi."

"Alijua," akasema tena, taratibu, kama anayesikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Halafu akainua macho kwangu, yale macho ya uani, ila safari hii hayakuwa yanangoja kitu. "Na wewe ulijua."

Nilitafuta la kusema. Mimi, Redio, nilitafuta. Alinyoosha mkono akachukua kikombe changu kabla sijamaliza, akamwaga chai iliyobaki, akakisuuza, akakipindua juu ya sinia.